Mtani Hakasirikiwi

Jirapa
10 Juni 1996

Kwako Talata Akolgo, mla vichwa vya mbwa, binti wa wala vichwa vya mbwa,

Kama uko hai, vizuri. Kama umekufa, nijulishe mapema nije nilale kaburini mwako kabla yako, kama sisi Wadagaaba tunavyowafanyia ninyi Wafrafra, nisitoke mpaka ndugu zako wanihonge kanga mnene.

Sasa kaa chini. Nimekubaliwa. Idara ya mimea ya chuo hapo kwenu ina nafasi moja ya shahada kwa walimu mwaka huu, moja tu, na ni yangu. Barua nimeisoma mara nne, na ya tano nilimsomea mama yako nilipopita mjini Wa kuchukua mshahara. Akasema hajawahi kusikia Mdagaaba anayejua kusoma, huenda nimeishika kichwa chini miguu juu. Kisha akanipa kibuyu cha pito, ile pombe yetu ya mtama, na tulikunywa mpaka mjomba wako Ayamga akaja kutuuliza nani kafa.

Unajua nimekaa miaka sita kwenye foleni ya likizo ya masomo. Zamu yangu ni Septemba hii. Nisipoondoka narudi mkiani, na mpaka nifike tena mbele nitakuwa nimepita umri ambao ofisi ya elimu humruhusu mwalimu kwenda kusoma. Kwa hiyo ni mwaka huu au nife na chaki mkononi.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya kuthibitisha. Nimeshaitia saini. Imebaki sehemu ya makazi, kwa sababu hawaipokei kama haina anwani ya mahali mwanafunzi atakapokaa. Mwisho wa kuipokea ni tarehe 31 Agosti. Posta ya huku unaijua, barua ikitumia wiki mbili tunapiga makofi. Wewe umeishi huko miaka saba, basi nitafutie nyumba, tuchague pamoja, uijaze, uipeleke kwa mkono wako mwenyewe.

Sitaki makubwa. Nataka ukuta unaopigwa na jua nianikie majani yangu, na mwenye nyumba asiyeziba pua akisikia harufu ya dawadawa, kile kiungo chetu cha mbegu zilizochachushwa, ikichemka. Na pawe na mahali pa kuchemshia pito Jumamosi, maana sitageuka mtu wa pwani kwa ajili ya shahada.

Mimi, bwana wako,
Bertilla Kuupiel


Abura, Cape Coast
29 Juni 1996

Kwa Bertilla, mtumwa niliyemsahau sokoni,

Fomu nimeipata. Niliifungua mbele ya mama mkwe akauliza ni ya nini, nikamwambia ni hati ya kukununua. Akataka kujua kama unajua kufua.

Nimezunguka kwa ajili yako mpaka kandambili imekatika. Sikiliza.

Kuna hosteli ya chuo. Wanne chumba kimoja, wasichana wa miaka ishirini na mbili wanaochana nywele mpaka usiku na kulia kwa ajili ya wavulana. Utawapiga.

Kuna nyumba ya masista, karibu na kanisa. Safi, maji hayakatiki. Lakini lango linafungwa saa kumi na mbili jioni, na pito utaisikia kwenye ndoto.

Ya tatu ni ya Maame Esi Mansa, kule Kwaprow, unatembea robo saa mpaka idarani. Ana chumba cha nyuma chenye mlango wake, uani kuna mpera na ukuta wa saruji unaopata jua kutwa nzima. Niliposema ni kwa ajili ya mwalimu kutoka kaskazini, alikunja uso. "Watu wa kaskazini sipangishi," akasema, "wanachinja vitu." Nikamwambia mimi mwenyewe ni wa kaskazini na sijachinja kitu tangu Jumapili. Akacheka, akaniletea kiti. Nadhani ukija na mafuta ya shea atakuita mwanawe.

Nilikaa kwenye kile chumba nikimsubiri mwenye nyumba atafute ufunguo wa dirisha. Kimya, Bertilla. Miaka saba nimelala kwenye sebule ya mama mkwe, juu ya mkeka, watu wakinivuka kwenda chooni. Nilikuwa nimesahau chumba kinavyokuwa kimya.

Chagua upesi. Na fomu usiihofie. Yuko mtu soko la Kotokuraba ananipa kichwa kimoja cha mbwa kwa hiyo fomu. Nimemwambia viwili.

Mmiliki wako,
Talata


Jirapa
15 Julai 1996

Kwa Talata, mwizi wa mbwa wa watu,

Usiiuze chini ya vichwa vitatu. Viwili ni kunidhalilisha, mimi ni mwalimu mwenye diploma.

Nyumba zako zimenitoa usingizi. Kaka yangu anataka masista, anasema mwanamke wa miaka thelathini na nane asiye na mume akipanga peke yake kule kusini watu watamtungia hadithi. Nikamwambia watu wa hapa wameshazitunga zote, za kusini hazitakuwa mpya. Lakini najua anaogopa, kwa hiyo nilikaa wiki nzima nikiwafikiria masista. Halafu nikalifikiria lile lango.

Naomba unijibu haya kuhusu kwa Maame Esi. Paa linavuja? Ukuta wa chumba unapakana na nani, na huyo mtu anapiga redio? Mpera ni wa nani, maana sitaki kuitwa mwizi kwa ajili ya pera moja. Na mlango wa nyuma unafungwa kwa komeo au kwa kufuli?

Ukinijibu vizuri nitachukua hicho. Usicheke. Tangu chuo cha ualimu nimelala bwenini, kisha nyumba ya shule, kisha nyumba ya shule nyingine. Sijawahi kuchagua mahali pa kulala. Nataka kuchagua sawasawa, mara moja.

Mama yako anakohoa. Anasema ni vumbi. Nilimkumbusha kuwa akifa mimi ndiye wa kwanza kuingia kaburini, akasema ameshaninenepeshea kanga dume wa kunitolea humo, ana madoa hata kichwani.

Bertilla


Abura, Cape Coast
2 Agosti 1996

Kwa Bertilla, mzigo wangu,

Ahsante kwa kumwangalia mama. Mwambie nitamtumia dawa.

Nilirudi kwa Maame Esi na maswali yako kama polisi. Paa halivuji, ila ukuta wa magharibi una unyevu kidogo. Anayepakana nawe ni mwashi mzee, kiziwi. Mpera ni wa nyumba. Mlango una komeo. Ili niwe na hakika nililala pale usiku mmoja, mama mkwe nilimwambia nipo mkesha wa kanisa. Niliamka ndege wakiwa kwenye mpera na hakuna aliyenivuka.

Lakini usiharakishe. Masista nao si wabaya ukifikiria. Hata hosteli, wasichana wanazoeleka. Fikiri tena, uniandikie.

Juzi nilikutana na mkuu wa idara yako ofisini kwake. Nilimwambia Bertilla Kuupiel amefariki. Akasikitika, akavua miwani, akauliza, "Sasa ni nani anayefuata kwenye orodha?" Nikamwambia, "Ni mimi, mheshimiwa, ndiye huyu niliyekaa mbele yako." Akasema basi nivae viatu vizuri siku ya kufungua chuo.

Kwa hiyo umeshakufa. Pole.

Talata


Jirapa
16 Agosti 1996

Kwa Talata, mrithi wangu,

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha walimu, kwa sauti, na ile sehemu ya miwani nilirudia mara mbili. Walimu wa hesabu walilala juu ya meza. Sista Philomena, mkuu wetu, alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa, kisha akasema, "Ninyi na watani wenu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha." Yeye anatoka kusini, hawana utani kule, nilimwonea huruma.

Basi mrithi wangu, uje ulie kwenye matanga yangu kwanza, viatu baadaye.

Nimefikiri tena kama ulivyoniambia, na jibu ni lile lile: kwa Maame Esi. Unyevu nitaupaka chokaa. Andika anwani yake kwenye fomu, leo hii barua ikifika, uipeleke. Siku zimekwisha, Talata, sasa ninaanza kuhesabu.

Huku mambo nimeyamaliza. Likizo imesainiwa. Nyumba ya shule nimemkabidhi mwalimu mpya wa baiolojia, kijana wa Lawra, ameshaingiza kitanda chake, mimi nalala kwa kaka. Kuku nimewagawa. Kreti la mbao zangu za kukaushia majani nimempa dereva wa malori ya viazi vikuu, litafika moja kwa moja kwa Maame Esi, na ndani nimetia kopo la mafuta ya shea la kumlainisha.

Bertilla, marehemu


Abura
26 Agosti 1996

Bertilla,

Fomu yako iko ndani ya Biblia yangu, kwenye Zaburi. Sitaipeleka. Nafasi nitaichukua mimi, na chumba nitakaa mimi.

Ukitaka kucheka, cheka.

Talata


Jirapa
9 Septemba 1996

Kwa Talata, mwenye Zaburi,

Barua yako imefika juzi. Mara hii umenifupishia. Hata mama yangu hukumtukana. Unaumwa?

Nimecheka, kwa kuwa umeniamuru. Lakini niambie neno moja la kweli, hata kwa simu ya posta ya Wa, kwamba fomu imepokelewa, nilale. Kaka anauliza kila jioni, nami namwambia Talata akichezea jambo ujue limeshakwisha.

Naondoka tarehe 25. Wa mpaka Kumasi, nalala kwa binamu, kisha nashuka kwenu. Mwambie Maame Esi afagie chumba. Mama yako amenipa karanga zako, amezisaga mwenyewe japokuwa kikohozi hakijamwacha.

Bertilla


Kwaprow, Cape Coast
12 Septemba 1996

Kwa Madam Bertilla Kuupiel,

Mimi ni Esi Mansa, mwenye nyumba ya Kwaprow. Anayeandika ni binti yangu Ekua, ila maneno ni yangu.

Kwanza pole kwa ugonjwa wa baba yako uliokuzuia kuja kusoma. Madam Talata alitueleza, tukakuombea kanisani. Baba hana mbadala.

Jambo la pili. Dereva wa viazi vikuu ameleta kreti lenye jina lako na anwani yako juu yake. Madam Talata, tangu alipohamia kwenye chumba cha nyuma tarehe moja, ameliweka chini ya kitanda. Nilimuuliza kama anakurudishia, akasema utani wenu ni mkubwa, niache. Lakini mimi sipendi kitu cha mtu kukaa chini ya kitanda cha mtu mwingine. Ni lako au umempa? Kopo la mafuta alinipa mimi, nashukuru, magoti yamepata nafuu.

Jambo la tatu. Yeye mwenyewe ni mpangaji mzuri, anaondoka asubuhi na vitabu, anarudi, anakaa chini ya mpera anasoma. Mwanzoni niliwaogopa watu wa kaskazini, sasa namwambia kila mtu kuwa nilikosea. Kama una dada mwingine anayetafuta chumba, mwambie.

Yule mwashi anasema hujambo. Tulimweleza kwa ishara kwamba uliuliza habari zake.

Esi Mansa


Jirapa
28 Septemba 1996

Talata,

Nilipopata barua ya Maame Esi nilifikiri umempanga na yeye katika mchezo. Naapa. Nilimsifu. Nikasema huyu mwanamke anajua utani kuliko Wafrafra wote.

Kisha nikaona neno "vitabu".

Nilikwenda Wa, nikasimama kwa muda wa saa tatu kwenye foleni ya simu. Karani wa idara alikuwa na adabu sana. Akasema Bi Kuupiel hakurudisha fomu, nafasi ikapewa wa kwanza katika wanaosubiri, na huyo ameanza masomo. Nikamuuliza jina. Akaniambia.

Baba yangu alikufa miaka kumi na moja iliyopita, Talata. Ulikuwepo. Ulilala kaburini mwake ukakataa kutoka, tukakupa jogoo, na wewe ukampa dada yangu mdogo apate kula. Huyo ndiye uliyemuuguza kwa uongo huko Kwaprow.

Nimekaa chini ya ukuta wa kaka tangu juzi. Nyumba yangu ina kitanda cha kijana wa Lawra. Kazini nimeshaagwa, waliniimbia. Nimeomba kurudi, ofisi ya elimu wamesema nisubiri pengo lolote wilayani, na foleni ya likizo nimewekwa wa mwisho. Walimu niliowasomea barua yako wananipita bila kunitazama usoni, maana kila mmoja anakumbuka alivyocheka.

Na usiniambie uliniambia. Barua ya kwanza na ya pili ulizifunika kwa mzaha. Ya tatu, ya kweli, uliiandika tarehe 26, siku tano kabla ya mwisho, wewe unayeijua posta ya Jirapa. Ulihesabu.

Wewe ndiwe uliyenifungia komeo. Nyumba nilikuchagulia mimi, paa nilikuulizia mimi, hata ukuta wa kukaushia majani.

Niambie kwa nini. Sitaki utani.

Bertilla


Kwaprow
14 Oktoba 1996

Bertilla mtani wangu,

Umeuliza, nitasema.

Nafasi ile niliiomba mara tatu, sikukuambia kwa sababu mara tatu nilikataliwa, na wewe ungenitania nami ningelazimika kucheka. Mwaka huu niliomba tena, wakaniandikia: wa kwanza katika wanaosubiri. Barua hiyo ilinifikia Jumatatu. Yako ilinifikia Alhamisi, na fomu yako ndani.

Utani wa kwanza ulikuwa utani. Mungu ni shahidi. Nilikutafutia nyumba kwa moyo mmoja mpaka nilipokaa kwenye hiki chumba. Wa pili sijui ulikuwa nini. Nilipouandika nilikuwa nimetoka kweli ofisini kwa mkuu wa idara, na kweli alisema yale ya viatu, ila nilimwambia tu kwamba huenda hutakuja. Nikaiweka barua posta nikasema moyoni, akikasirika, hata kidogo, fomu naipeleka kesho. Wewe ukawasomea walimu.

Usiseme sikukuambia. Nilikuambia mara tatu kwa mkono wangu. Uliandika mwenyewe niiuze, ninayo hapa, vichwa vitatu. Na ni wewe uliyenifundisha, mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, siku niliyolia kwa sababu uliniita mwizi mbele ya bweni zima. Ulikaa kitandani kwangu ukaniambia, "Mtani hakasirikiwi. Akikuchukulia kitu, cheka, kesho utachukua chake." Nikajifunza.

Basi chukua changu. Nitukane. Njoo uchukue chochote, hata hiki chumba ukija likizo tutalala wawili, nusu ya kitanda ni yako. Nitukane tu, Bertilla, kama zamani. Barua yako ya mwisho haina hata tusi moja, na mimi siwezi kusoma kitabu.

Talata wako, mla vichwa vya mbwa


Jirapa
12 Novemba 1996

Bi Talata Akolgo
Chumba cha Nyuma, kwa Maame Esi Mansa
Kwaprow, Cape Coast

Mpendwa Bi Talata,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mumeo na mama mkwe. Sisi huku hatujambo. Mvua zimekwisha na mtama umevunwa vizuri.

Pole sana kwa msiba wa mama yako. Najua mjomba wako alikupigia simu na kwamba kwa urefu wa safari hukuweza kuwahi maziko. Kwa kuwa nilikuwepo, nimeona ni wajibu wangu kukueleza yalivyokwenda, ili usiwe na wasiwasi.

Nilimtembelea siku mbili kabla hajafariki. Hakujua lolote na sikumwambia. Aliniuliza kwa nini sijaenda kusoma, nikamjibu kwamba nafasi zilijaa. Akaniambia nisijali, Mdagaaba hata akisoma hafahamu. Nilicheka, maana ni yeye aliyesema.

Alizikwa Jumatano saa nne asubuhi. Watu walikuwa wengi, kwaya iliimba, jeneza lilikuwa zuri. Walipofika kaburini walisimama. Mwanzoni sikujua wanasubiri nini. Kisha nikaona wote wamenitazama, na mtoto wa jirani amemshika yule kanga dume, mwenye madoa hata kichwani, tayari. Mwanamke mmoja akaanza kucheka kabla ya wakati, wakamnyamazisha.

Nilikwenda mpaka kwa mjomba wako Ayamga, nikampa mkono, nikamwambia, "Pole kwa msiba, mzee." Kisha nikarudi kukaa na wageni.

Alinifuata. Akaniuliza polepole, watu wasisikie: "Dada yetu kafa, tumeona. Ni nani mwingine aliyekufa?"

Nikamwambia, "Hakuna, mzee."

Wakamteremsha bila mtu kumzuia. Nilipokuwa nasubiri gari stendi, mjomba aliniletea yule kanga. Nilimshukuru, nikampa mikono miwili kama inavyopasa, nikamwomba ampeleke kwa wafiwa.

Mbao za kukaushia majani usizirudishe. Mwanafunzi wa mimea anazihitaji. Zile kamba za ngozi zikilegea, ziloweshe maji kwanza kabla ya kuzikaza.

Nakutakia masomo mema. Tafadhali nisalimie Maame Esi, na yule mzee mwashi.

Wako kwa heshima,
Bi Bertilla Kuupiel